Moja kwa Mia Mbili na Arobaini

"Jiji hili, jamani, ukubwa wake usiulize!"
anapayuka mtafsiri juu ya sauti za wenyewe,
na mimi, niliyeshika fimbo ya kupimia
miaka ishirini na saba, Idara ya Ardhi,
kutoka Chunya mpaka migongo ya Rungwe,
hilo ndilo pekee nililotaka kuuliza.

Juni, Isanga. Jiko la mkaa liko mlangoni,
vidole havikunjiki kwa baridi.
Tusekile amekodi diski dukani kwa Sanga,
jiji linaitwa Orvanda, au ndivyo mtafsiri anavyolitamka.
"Simamisha hapo."
"Babu, ndiyo kwanza wanaanza kupigana."
"Simamisha."

Naweka rula juu ya kioo cha televisheni.
Kitasa cha ikulu kinamfika shujaa kiunoni,
mlango basi ni mita mbili na kitu, kama wetu.
Madirisha ya mnara nayahesabu kwa ncha ya penseli,
mara mbili, maana la arobaini lina mkwaruzo:
sitini na mawili kwenda juu.
Ghorofa moja mita tatu.
Mita mia moja themanini na sita.
Naandika. Napiga mstari chini yake.

"Mbona mto," anauliza Tusekile,
"mwanzoni ulipita sokoni?"
Kweli. Dakika ya kumi na nne mto uko mashariki,
dakika ya thelathini umehamia nyuma ya gereza
bila hata kulipwa fidia.
Nimeona mawe ya mpaka yakihama usiku,
lakini mto, hapana.

Kisha mvua ikanyesha Orvanda.

Mvua naijua. Nimelelewa Tukuyu,
kule inakoingia bila kupiga hodi
na kukaa kama shemeji.
Maji hayajui kujifanya madogo.
Tone moja likateremka ukuta wa mnara,
likafika dirisha la ghorofa ya ishirini,
likalifunika lote, kama kope juu ya jicho.

Nikatoka uani na rula yangu.
Kanga ya Tusekile, iliyofuliwa jioni, bado ilichuruzika.
Tone lilining'inia pindoni, likisita:
milimita tano.
Dirisha lile, mita moja na ishirini.
Gawanya.
Mnara uliomtisha mtafsiri hadi akakohoa
una sentimita sabini na saba na nusu.
Unaishinda meza yetu ya kulia
kwa upana wa dole gumba.

Tusekile akacheka, kisha akaacha.
"Kwa hiyo hakuna watu."

Rudisha nyuma, nikamwambia. Tena. Hapo.
Nyuma ya gereza, kwenye kichochoro
kinachopitwa na kamera kwa sekunde moja,
kuna kamba, na nguo nyekundu imeanikwa.
Kwa hesabu za kule, upana mita moja na nusu.
Kwa hesabu za hapa, milimita sita na robo:
punje ya mahindi.
Hadithi haikuiomba. Shujaa hapiti njia ile.
Lakini mtu aliinama mezani, kibano mkononi,
akaubana uzi,
akazuia pumzi isiipeperushe.
Huyo nimemtafutia kipimo, sijakipata.

Umeme ukakatika.
Nje, mbalamwezi juu ya Loleza.
Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, kama zamani kazini:
ngumi nzima haikutosha kuuficha mlima.
Nikarudi, nikapapasa daftari,
nikachora kichochoro kwa kubahatisha, gizani,
kiwanja kisicho na namba.

"Umeme ukirudi," akasema Tusekile, akichochea makaa,
"waache wapigane kwanza."