Gwaride la Vidole

Kiswahili nilikipata kambini Moroto
pamoja na buti na chawa,
na mpaka leo nikitaka kitu kitii
Kiteso cha mama yangu nakiacha mlangoni.

Kwa hiyo Soroti, wadi ya mifupa, kitanda cha tisa,
nasimama miguuni pa Omoding:
Mguu sawa!
Naye, miaka kumi na mitatu, chuma ndani ya paja,
anavuta vidole kuelekea goti.
Mguu pande!
Anavisukuma kuelekea ukutani.
Mara ishirini, kila saa.
Wa kitanda cha nane anacheka,
kisha naye anaanza, chini ya shuka.

Ni amri ya Daktari Kwagala.
Alichora mto nyuma ya bahasha ya eksirei, akasema:
damu ni msafiri, mzee.
Ukiilaza sana inasahau safari,
inajikunja, inaganda, inakuwa bonge,
na bonge likibanduka
halirudi lilikotoka. Linapanda kifuani.
Nikauliza: hata kwa mtoto?
Kwa mtoto ni nadra, akasema,
ila huyu mfupa wake una usaha, ana homa,
na mgongo wake haujaonana na hewa wiki ya tatu sasa.

Nadra.
Nililala na neno hilo mkekani, chini ya kitanda.
Mabomu ya ardhini nayo yalikuwa nadra
katika njia ile ya kaskazini;
tulipita mia na ushee kabla ya Echodu.
Nadra haiji kwa wengi.
Inakuja kwa mmoja, na inakuja nzima.

Sista Akiteng alileta utepe wa fundi cherehani.
Asubuhi na jioni alipima ndama za miguu,
kulia, kushoto,
akaandika juu ya boksi la glavu:
thelathini na moja, thelathini na moja.
Mtoto anywe maji, akasema, uji pia ni maji.
Mke wangu akatuma wa mtama, wenye ukwaju,
galoni zima, kana kwamba tunalima.

Jioni ya nne utepe ulisita.
Kushoto: thelathini na nne.
Akabonyeza. Omoding akauma shuka.
Tangu lini panauma?
Tangu jana asubuhi.
Na hukusema?
Akanitazama mimi, si yeye.
Baba alisema askari halalamiki.

Nilisema, kweli.
Nilisema siku ile alipoanguka toka juu ya lori la machungwa,
pale Arapai, mfupa ukichungulia nje,
kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.
Kumbe alikitunza.

Mashine ilikuwa mwisho wa ukumbi, toroli ikilia gurudumu moja.
Picha ya kijivu, kama televisheni ya kantini mvua ikinyesha.
Ona, akasema daktari, mshipa mzima ukiubana unafumba.
Akabana.
Huu hapa umekataa.

Sindano sasa ni mbili kwa siku, ngozi ya tumbo,
vichupa vidogo kuliko risasi.
Mbuzi wawili wa mama yake wamo humo ndani.
Naandika saa zake kwenye boksi lilelile,
upande ambao Sista hakuandika.

Bado tunapiga gwaride. Daktari ameruhusu.
Ila nimeongeza amri moja
ambayo kambini sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwa mwili:
Toa taarifa!

Afande, kisigino kinawasha.
Afande, huyu wa nane anakoroma.
Afande, nataka chungwa.

Na usiku, saa tisa, umeme umekatika,
mkono unashuka kutoka kitandani, unatafuta kichwa changu gizani.
Afande. Ndama inavuta. Kifua hakina neno.
Nawasha tochi ya simu.
Nauzungusha utepe polepole, kama anayefunga zawadi,
nahesabu kwa sauti ndogo,
kwa Kiteso.