Pepe

Mama akipepeta simsim, pepe huruka,
punje hubaki kwenye ungo.
Hivyo ndivyo nilivyolijua neno hilo.
Kwa hiyo Alhamisi ile, nyuma ya duka la betri za sola,
Mwalimu Driciru aliposema, "Leo tutaunda mashine pepe,"
nilicheka peke yangu, nikaona makapi
yakitua juu ya mabati ya Tanganyika, Arua.

Kompyuta ilikuwa moja. Sisi wanne:
Anguyo wa gereji, kucha nyeusi kwa grisi;
Zamzam muuza vocha; Afeku, mtoto wa jirani,
ambaye hakualikwa;
na mimi, msukaji wa vifuniko vya sinia,
miaka arobaini na mmoja, miwani ya kuazima.

"Chuma ni kimoja," mwalimu akagonga boksi kwa kalamu.
"Huyu ni mwenyeji. Tutamletea wageni."
Akaandika ubaoni: kumbukumbu, gigabaiti nane.
"Mgeni wa kwanza mpe mbili.
Diski mkatie ishirini. Kisha mwamshe."

Nikabonyeza.
Ndani ya dirisha, dirisha jingine likawa jeusi,
herufi nyeupe zikafumuka kama kumbikumbi,
na kitu ambacho hakikuwepo dakika tatu nyuma
kikaniuliza jina langu.

Pepe, lakini ina njaa.
Pepe, lakini inajua saa.
Inaamini diski yake ni diski,
hakuna aliyeiambia kwamba ni faili tu
lililolala kabatini mwa mtu.

"Kabla ya kuvuruga, piga picha."
Tukapiga. Kisha Anguyo,
ambaye hajawahi kuona nati akaiacha,
akafuta kila kitu, kuanzia mzizini.
Mgeni akagugumia. Akanyamaza.
Nikashika kichwa: nani atalipa?
Mwenyeji hata hakukohoa.
Driciru akairudisha ile picha, na aliyekufa
akaamka palepale, bila kovu, bila kinyongo,
akaniuliza jina langu tena.
(Nilimfikiria mtu. Sitamtaja hapa.)

Kufikia saa mbili tulikuwa na wageni watatu.
Zamzam akataka wa nne:
mbili mara nne ni nane, hesabu imetimia.
Mwalimu akamshika mkono.
"Ukigawa zote, mwenyeji atakabwa,
naye akikabwa, wote watakwama.
Jibakishie."

Neno hilo ndilo nililobeba hadi nyumbani.
Mwaka ule walipokuja watu wa Yei
Mama aligawa nyumba kwa pazia, kisha pazia kwa pazia,
familia tatu chini ya bati lile lile,
unga akaupima kwa kikombe cha plastiki chenye ufa.
Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe
hawakuwahi kula kwake.
Kila familia iliamini chungu kimejaa.
Mimi niliyelala naye mkeka mmoja
nilisikia tumbo lake likinguruma usiku.

Nikamweleza somo. Ungo ukasimama.
"Na huyo mgeni anajua kwamba yumo ndani ya mwingine?"
Hajui, Mama.
"Wala hajui unga umebaki kiasi gani?"
Hajui.
"Basi huyo mwenyeji ana adabu."
Akaendelea kupepeta.
Sikumwambia habari za kujibakishia.

Alhamisi iliyofuata betri iliisha katikati ya somo.
Wageni na mwenyeji wakakata kauli kwa pumzi moja,
na harufu ya vumbi la moto ikabaki mezani.
Afeku akauliza: zilizokufa ni ngapi?
Anguyo akasema moja.
Zamzam akasema nne.
Driciru alikuwa akipapasa ukuta, akitafuta tochi;
hakujibu.