Mtaro wa Kumi na Saba

Darasani Tartu niliwaambia: shahada hii
haina ofisi yenye zulia.
Wakacheka. Kila mwaka hucheka.
Kisha huja Mei, na basi la chuo
hutushusha ukingoni mwa kinamasi,
na kicheko humezwa na matope pamoja na kiatu.

Kazi yenyewe ni hii: kuziba.
Waliotutangulia walichimba mitaro, maji yaende zake,
mboji ikauke, ikatwe matofali,
ichomwe, nyumba zipate joto.
Udongo uliolala chini ya maji miaka elfu sita
ukaamshwa, ukavuta pumzi,
na hadi leo unatoa moshi usioonekana.
Sisi tunaurudisha kitandani.
Ndiyo taaluma. Andika hivyo kwenye wasifu wako
uone nani atakuajiri.

(Wanaajiri, siku hizi. Nafasi mbili mwaka jana,
waombaji arobaini na mmoja.)

Leelo Kuusik alikuja na mabuti ya mwanamume,
makubwa, soksi tatu ndani.
Hakusema ni ya nani. Alipima kwenye kila bomba
kutoka uso wa ardhi hadi maji yalipojificha,
akaandika kwa penseli
kwa kuwa wino hulia ukinyeshewa,
na wenzake walipojipiga makofi kuua mbu
yeye alisoma kwa sauti: sentimita thelathini na nane,
arobaini na mbili,
arobaini na mbili.

Ramani ilionyesha mitaro kumi na sita.
Ile ndege ndogo ya picha, isiyo na rubani,
ilionyesha kumi na sita.
Tukaziba kumi na sita, kwa mbao na mboji,
tukarudi mjini kuoga.
Wiki tatu baadaye maji yalikuwa yameshuka tena,
palepale, kana kwamba kuna mtu
anayekunywa usiku.

Nikawaambia wakokotoe upya. Wakakokotoa.
Tarvo akalaumu mvua. Birgit akalaumu kipimo.
Leelo alinyamaza siku mbili,
siku ya tatu akaja na mzee
aliyeshika kofia kwa mikono yote miwili
kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Baba yangu," alisema. "Ndiye aliyechimba."

Endel hakutazama ramani. Alitembea
akiipapasa ardhi kwa unyayo,
akapita misonobari mitatu iliyodumaa, akasimama.
"Hapa. Tuliuchimba Jumapili.
Msimamizi alitaka kuvuka lengo la mwezi,
kwa hiyo haukuandikwa popote."
Tukafukua majani. Maji yalikuwa yakipita chini,
bila kelele, kama mwizi aliyeizoea nyumba.

Mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta.
Huyu wetu amekuja kuuzima moto,
na mhunzi mwenyewe amemshika mkono
kumwonyesha kuni zilipo.
Alichukua sepetu kabla sijampa.
Sabini na mmoja, magoti yakimlia,
na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kusema pumzika mzee.
Katikati ya kazi aliniuliza, bila kunitazama,
"Tulikosea?"
Nina mihadhara kumi na minne juu ya swali hilo.
Nilisema, "Mlikuwa na baridi."

Maji yakimwagika hayazoleki:
nilizoea kuwaambia hivyo wa mwaka wa kwanza, niwatishe.
Sasa sisemi.

Fomu ya tathmini inataka jina la mkufunzi wa mazoezi
na sifa zake za kitaaluma.
Nimeandika: Endel Kuusik.
Kwenye sifa nimeandika: alichimba.
Ofisi imeirudisha. Wanaomba nakala ya cheti.

Jana usiku Leelo alinipigia simu kutoka huko,
upepo ukimpokonya maneno.
"Kumi na moja," alisema.
Nikadhani ni saa.
"Sentimita, mwalimu. Kumi na moja tu hadi maji."
Kisha kimya, kisha akacheka kidogo:
"Baba anauliza mabuti yatarudi lini.
Nimemwambia anunue mengine."