Nani Alifungua Kifuniko

Kila Jumapili, baada ya ibada ya pili,
chumba cha nyuma cha Nehemia fundi redio, Majengo,
vumbi la Agosti likibisha dirishani kama mdai,
tunarudi kwenye kesi.

Kesi yenyewe ni hii.
Bwana Mvuke, jini wa ndani ya birika,
alituambia mwenyewe kipindi cha kwanza, kofia mkononi:
sitoki humu mpaka mkono wa mtu ufungue kifuniko.
Sawa. Tukaishi na sheria hiyo vipindi kumi.
Kipindi cha kumi na moja nyumba nzima imekwenda msibani,
mlango una kufuli, birika liko kabatini,
naye yuko jikoni anageuza vitumbua.

Nani alifungua?

Nehemia anasema mdomo.
Birika lina mdomo, jamani, na mdomo haufunikwi.
Mvuke ni mvuke, utapita.
Sechelela anaweka chini ungo wa karanga:
Kama mdomo ulikuwa wazi siku zote,
yule baba alilia nini vipindi kumi?
Hapo fundi hujifanya anatafuta bisibisi.

Chibago, karani wa mahakama ya mwanzo, husimama akizungumza.
Sheria imesema mkono wa mtu.
Haikusema mkono uwe nje.
— Jini si mtu!
— Kipindi cha sita analipa kodi ya chumba.
Kipindi cha nane anaitwa shahidi. Asiye mtu haapishwi.
Tunanyamaza,
maana kipindi cha nane kweli aliapishwa.

Mimi nasema paka.
Mwaka wa tisa huu nasema paka,
na mwaka wa tisa naambiwa paka hana mkono.
Mngemwona wa mama yangu, Kizota,
anavyofunua sufuria ya mboga na kuirudishia,
mngempa mkono, na cheo juu.

Sasa, jambo ambalo hatulisemi mbele ya wageni:
kanda yetu ina tundu.
Ilikuwa ya marehemu Mika, mpiga video wa harusi na kipaimara,
na siku moja kule Mvumi kanda tupu zilimwishia.
Kwa hiyo msiba unatangazwa, kufuli linabanwa,
halafu chenga,
halafu mama yake Mika anapepeta uwele.
Dakika moja na nusu. Hana habari na kamera.
Upepo unahama, naye anageuka nao,
makapi yanamfuata kama kuku,
mara anainua uso, anasema neno kwa Kigogo
ambalo kanda haikulinasa.
Chenga tena.
Vitumbua.

Juzi mpwa wa Sechelela alikuja kutoka Dar
na kipindi kizima ndani ya simu, safi, hakina hata punje ya chenga.
Tukainama, vichwa vinne juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja.
Kufuli. Saa ya ukutani. Gari la msiba linaondoka.
Kabati limefungwa. Birika limefunikwa.
Vitumbua.

Hakuna aliyefungua.
Aliyeandika alisahau,
au alikuwa na njaa.

Sechelela alicheka mpaka karanga zikamwagika.
Chibago akaomba shauri liahirishwe.
Nehemia akaizima simu ya mtoto wa watu bila ruhusa,
akasukuma kanda ndani ya mashine,
akaipiga ngumi ndogo pale inapopenda.

Mama akapepeta.
Hapo, Nehemia akasema, anasema nini hapo?
— Anamwambia Mika asogee, amesimama upande wa makapi.
— Wapi! Anamwita akale.
— Na kinywa kilichofungwa vile? Sema tena, karani,
anamwita akale kwa kinywa gani?

Mimi nilikuwa natazama mikono yake,
inavyoinua, inavyofunua,
mikono ya mtu kabisa,
sekunde chache kabla ya vitumbua.

Jumapili ile sikusema paka.