Herufi na Kofia Yake

Saa saba usiku, Zimmerman, ghorofa ya tano.
Tokeni za stima zimebaki nne nukta mbili
na jirani wa chini bado anagombana na mpira wa jana.
Mimi nagombana na kishale.

Kishale kidogo tu, kile ambacho kompaila
huchora chini ya mstari ili kusema: kosa liko hapa.
Kwangu hakikuwa hapa. Kilikuwa pale,
hatua mbili kulia,
kikinyooshea kidole tarakimu isiyo na hatia.

Nilikuwa naandika daftari la chama cha mama,
wauza viazi kumi na wanne wa Marikiti,
na kila mmoja nilimpa jina lake kamili ndani ya programu.
Wengine wote walitulia.
Jina la mama ndilo lililopinda:
Nyagũthiĩ.

Wiki mbili nililaumu macho yangu.
Kisha nikaifungua kompaila yenyewe tumboni,
maana hii haina mlango wala bawabu,
ukitaka kuona inavyomeng'enya maneno
unaingia tu na viatu vyako.
Nikapita faili baada ya faili, kazi ya watu nisiowajua,
hadi nikakuta kijisentensi cha mtu
aliyekiandika nikiwa darasa la tatu:
"Hapa tunahesabu baiti. Itatosha kwa sasa."

Itatosha kwa sasa!
Kumbe ni kama karani wa sensa
anayeingia nyumbani, akamhesabu mtu,
kisha akahesabu na kofia yake.
ũ moja, watu wawili.
ĩ moja, watu wawili.
Ndizo hatua mbili za kishale.

Marekebisho yalikuwa mistari sita. Nikayatuma alfajiri.
Jibu likaja kutoka Oulu, kwa mtu aitwaye Ilmari,
fupi kama risiti:
"Wazo zuri. Umevunja majaribio kumi na moja."

Nikaona haya. Nikafunga mashine, nikashuka kununua maji,
mfereji ulikuwa umekauka tangu Jumanne,
na kwenye ngazi mwenye nyumba akaniuliza kodi.
Kodi gani, nusura nimuulize,
maana sisi huita kodi hata hii tunayoandika:
moja nadaiwa nawe, nyingine nadaiwa na Ilmari,
na hiyo ya Ilmari, isiyolipwa hata senti,
ndiyo inayoninyima usingizi.

Kumi na moja. Tisa. Nne.
Moja iliyogoma ilikuwa ya Kijapani,
herufi pana, kila moja ikidai viti viwili,
na ilikuwa na haki.
Nami nilikuwa nimeapa kwamba herufi ni moja, basi, imekwisha.
Nikafuta. Nikaanza tena kwa adabu.

Siku ya ishirini na tatu Ilmari akaandika:
"Sasa ongeza jaribio lako mwenyewe, kosa lisirudi."
Nikaweka jina la mama.

Nikampigia. Nikamweleza nilivyoweza, sensa, kofia na yote,
kwamba kila usiku mashine za nchi ambazo zingemnyima viza
zitaliita jina lake, zilihesabu,
na likikosewa, kazi nzima isimame.

"Wamekulipa?"
La, mama.

Kimya. Nikasikia gunia likiburutwa.
Kisha akanisimulia, kwa mara ya kwanza,
kuhusu kijana wa dirishani siku ya kitambulisho,
aliyesema taipureta haina herufi hizo,
akapiga tu Nyaguthii, akaita anayefuata,
naye akanyamaza miaka thelathini na mmoja.

"Na kofia ziko zote mbili?"
Zote mbili.
"Hata ile ya mwisho?"
Hata ile ya mwisho.

"Haya. Lipa kodi ya nyumba."