Chumvi ya Vidole Vitatu

Nimesimama kwenye maji hadi kiunoni
na koo limekauka kama kibuyu cha mwaka juzi.
Usicheke. Njoo Faridpur mwezi wa Srabon,
mvua imeondoka jana, imeacha mvuke wake;
ingia dimbwi hili la juti iliyovunda,
uvue nyuzi kwenye bua, uvue, uvue,
halafu uniambie maji ni nini.

Haya si ya kunywa. Ni meusi, yananuka yai viza.
Kisima cha karibu kimepakwa rangi nyekundu:
kina sumu isiyo na ladha.
Cha kijani kiko ng'ambo ya reli,
na kwenda na kurudi ni mafungu manne
ambayo Lutfor, mnyapara, hatayaandika.
Basi mtu hupiga hesabu: anywe, au ale?
Niliipiga hesabu hiyo siku tatu mfululizo,
jibu likawa lile lile.

Jasho hapa halikauki. Hewa imeshiba maji,
haipokei tena hata tone la maskini;
linatiririka tu, linaingia machoni,
linashuka mgongoni, linajiunga na dimbwi
bila kumpoza mwenyewe.
Nikalamba mdomo: chumvi.
Sikujua ni yangu inayoondoka.

Siku ya nne nilipitia kisima cha kijani alfajiri,
nikanywa kama ng'ombe, nikajiona mjanja.
Maji matupu. Tumbo likacheza kama mtungi.
Adhuhuri ikanikuta.

Kwanza vidole: vilifunga juu ya nyuzi, vikakataa kufunguka,
kama mkopeshaji aliyemnasa mdeni sokoni.
Kisha shavu la mguu, kule chini matopeni,
likawa ngumi, likawa jiwe, likapanda hadi pajani.
Nilipiga ukelele uliowarusha bata.
Torab na mpwa wake wakaniburuta ukingoni
kama fungu jingine, zito, lisilo na bei.
Hapo ndipo juti ilipozaa majuto.

Lutfor akasema: Huyu ametoka viwanda vya Dhaka, amezoea feni.
Monjuara hakumjibu.
Yeye huvua juti ukingoni, wala halipwi fedha;
hulipwa vijiti vinavyobaki, kuni za jiko lake.
Akaunyoosha mguu wangu, akavuta vidole kuelekea gotini,
akasugua polepole, kama anayemwogesha mtoto wa jirani.
Kisha akafungua fundo la sari.

Chumvi: ya vidole vitatu, mwisho pingili ya kwanza.
Sukari guru: konzi moja.
Maji ya kisima cha kijani, nusu lita.
Akakoroga, akanipa. Onja, akasema,
isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga, anza upya.
Nilifundishwa haya mwanangu alipoharisha,
na mtu mzima aliyekaukiwa ni mtoto tu,
ila ana kiburi.

Mengine aliyasema akirudi kazini, bila kunitazama:
kunywa kabla kiu haijabisha hodi;
wali wa jana uliolala majini, na chumvi na kitunguu,
ule, usiuonee haya;
na ukikojoa rangi ya chai ya mkandaa, toka juani
hata Lutfor aandike nini.

Sasa tunabeba kopo la plastiki kwa zamu.
Zamu ya Torab chumvi huzidi, kila mara;
tunamlaani, tunamwaga, tunaanza upya.
Lutfor naye hunywa, akidhani hatumwoni.

Ijumaa, sokoni, muuza chumvi alifungua gunia jipya.
Nikapitisha kidole kwenye nyuzi zake. Juti.
Akanipimia robo, nikalipa,
nikaenda nayo nyumbani kimya kimya,
kama mtu aliyekomboa kitu chake.