Blanketi la Luteni

Mshahara wa miezi saba hawakuwa nao,
wakanipa farasi.
Mzee, mwekundu kama chai ya mkandaa,
jina lake Luteni,
miaka kumi na tisa akizungushwa na watoto wa watu
katika uwanja wa mchanga kule Entebbe.
Wakanipa na blanketi moja zito, mikanda mitatu,
na kikaratasi: chini ya nyuzi kumi, mvike.

Nyuzi kumi! Huku Kapkwata hatupimi baridi.
Baridi tunaijua mlangoni:
ukifungua asubuhi, ukungu huingia kabla ya jirani,
hukaa bila kukaribishwa, huondoka bila kuaga.
Nilikwenda zahanati kuazima kipimajoto.
Sista Yapsiwa akauliza, cha kwapa au cha mdomo?
Nikasema, cha hewa.
Akanishika paji la uso.

Usiku wa kwanza nilijipima mimi.
Nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana,
basi nikamfunga blanketi, mikanda yote mitatu,
nikalala nikijisifu.
Saa nane nikaamka, nikapenyeza mkono chini ya kitambaa,
nyuma ya bega:
jasho.
Alikuwa akitokota kama viazi chini ya majani ya mgomba
na hana mdomo wa kuniambia funua.
Kitanda nisichokilalia, na kunguni nimemchagulia mimi.

Nikamvua. Nikasimama na taa.
Taratibu nywele zilizolazwa zikainuka,
moja, kumi, mgongo mzima,
kila mmoja umeshika hewa yake.
Nikamwongezea mabua makavu, akatafuna mpaka alfajiri.
Tumbo la farasi ni jiko; kuni zake ni nyasi.
Hili halikuwa kwenye kikaratasi.

Tangu hapo nauliza kwa kiganja.
Nyuma ya sikio, chini ya ayali, kwenye mbavu.
Baridi kavu: mwache.
Upepo peke yake: mwache, atageuza mkia, anajua.
Mvua na upepo pamoja, na mgongo umelowa hadi ngozi:
hapo ndipo.

Zile usiku kavu, blanketi likakaa bure juu ya boriti.
Kaka yangu Satya ana watoto wanne na shuka moja.
Hakusema neno. Alilitazama tu,
kama mtu anavyotazama sahani ya mwenzake
huku akizungumzia mahindi.
Nikalishusha, nikampa.
Watoto waligombania upande wenye harufu ya farasi.

Halafu ikaja ile ya tarehe tisa.
Mvua ya ubavuni, kutoka msituni, na mawe ndani yake.
Luteni amesimama amekunja mkia,
anatetemeka kuanzia gotini,
sikio lake baridi kama kijiko.
Nikakimbia kwa Satya. Mlango haukuwa na komeo.
Wanne wamelala kama ndizi kwenye kichane,
mikanda mitatu inaning'inia sakafuni.
Nikashika pembe ya blanketi.
Nikatia kiganja nyuma ya sikio la Cherotwo, yule mdogo:
joto, kavu, pumzi ndefu.
Nikasimama hapo kwa muda ambao sitausema.

Nikairudisha pembe.

Jikoni kwangu mlango ni mfupi, ilibidi Luteni ainame
kama mkwe anayeingia ugenini.
Nikamsugua kwa mafungu ya nyasi, ubavu huu, ubavu ule,
mpaka mikono yangu ikafa ganzi na mgongo wake ukafuka moshi.
Nikachochea moto. Paa likavuja kwa pembeni.
Kwato zake zilijaza nafasi yote ya kulala,
nikaketi juu ya kinu, kichwa chake begani mwangu,
kizito kama gunia la shayiri,
sijui nani alimfunika nani.

Asubuhi mvua imekatika.
Nilitaka kufagia. Ufagio ameula.